Simu za upepo kwenye usakaji wa mizuka: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wasaka mizuka wa Marekani na Uingereza huingia usiku kwenye magereza ya zamani, magofu na hospitali zilizofungwa, wakiwa wamegawanyika makundi. Simu ya upepo, woki-toki kwa wengi, ndiyo inayowaunganisha. Uwe unaamini mizuka au huamini, fizikia ya chombo hiki ni ileile, na makosa mengi ya usiku huo huanzia kwenye kitufe chake.

Dhana: boksi limeandikwa maili 35, basi jengo zima limefikiwa.

Maili 35, yaani kilomita 56 hivi, hupatikana ukisimama kilimani na mwenzako yuko bondeni, katikati pakiwa wazi kabisa. Ndani ya jengo, zege lenye nondo, mabati na mawe hula mawimbi. Chukua Waverly Hills huko Louisville, Kentucky, hospitali ya zamani ya kifua kikuu ambayo jengo lake kuu lilifunguliwa 1926: ghorofa tano, na handaki la takriban mita 150 linaloshuka kilima. Kupandisha nguvu kutoka wati 0.5 hadi 2 ni nyongeza ya desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), na ukuta mmoja mnene unaweza kuzimeza zote. Kinachosaidia ni mtu wa kupokezana ujumbe: mmoja mdomoni mwa handaki, mwingine kwenye ngazi au dirishani. Shika redio wima, antena ikitazama juu. Ukiilaza unapoteza nguvu bure.

Masafa nayo yana neno. Redio za FRS za Marekani, zile ndogo za mkononi za raia wa kawaida, zilizo kwenye megahezi 462 na 467, zina wimbi la sentimita 65 hivi, linalopenya milangoni na madirishani kwa urahisi. Zile za MURS, kundi jingine la redio za raia huko Marekani, kwenye megahezi 151 hadi 154, zina wimbi la mita 2. Hufaa zaidi makaburini na mashambani kuliko kwenye korido.

Dhana: redio ni ya kuongelea tu, haigusi vipimo.

Hii ndiyo iliyoharibu kazi nyingi kuliko zote. Kila ubonyezapo kitufe, umewasha kituo kidogo cha kurusha matangazo kiunoni mwako, na mawimbi yake huingia kwenye kila kifaa kilicho jirani. Kipima K-II, kile cha taa 5 wanachokipenda wasakaji, kiliundwa kupima usumaku wa nyaya za umeme, lakini redio ikibonyezwa karibu taa zake huruka hadi nyekundu. Mtu aliye nyuma ya mlango anajibu "nimesikia", taa zinawaka mezani, na kundi linashangilia kwamba mzuka umejibu swali lao.

Kinasa sauti nacho hakisalimiki. Waya wa maikrofoni ya nje hugeuka antena, na ndani husikika mvumo au mlio wa "tk" kitufe kinapobonyezwa na kuachiwa. Kwa kuwa redio hizi hurusha kwa FM, mara nyingi utapata bughudha, si maneno. Maneno ya kunong'ona yaliyomo kwenye rekodi huenda yametoka kwenye spika ya redio ya mwenzio, chumba cha pili. Kwa hiyo kila mmoja avae kipaza cha sikioni, na milio ya kuita, ya vitufe na ya kumaliza kuongea izimwe kwenye menyu.

Kabla ya kuanza, pima mpaka wenu. Weka K-II mezani pamoja na kinasa kinachorekodi. Mwenzako asimame mita 5, abonyeze sekunde 3, kisha mita 3, 2, 1 na nusu mita. Andika ni umbali gani taa ya kwanza iliwaka, na ni upi kinasa kilianza kuvuma. Chukua ule mkubwa, uzidishe mara mbili: ndani ya hapo redio isikilize tu, isibonyezwe. Halafu kituo cha msingi, yaani wanaobaki kambini, kiache kinasa kimoja kando ya redio yake usiku kucha, saa za vinasa vyote zikiwa zimelinganishwa. Asubuhi, taa ikiwa iliwaka saa 8 na dakika 12, kinasa hicho kitawaambia kama kuna aliyebonyeza.

Dhana: sauti ngeni kwenye chaneli yenye msimbo wa faragha si ya binadamu.

Msimbo haufichi chochote. Ni toni ya chini inayoiambia redio yako ifungue spika au inyamaze. Wengine wanakusikia vizuri kabisa. Yale majigambo ya "chaneli 836" ni chaneli 22 zilizozidishwa kwa misimbo 38. Mafundi wa ujenzi au watoto wa mtaa wa pili wakiwa na msimbo kama wako, watasikika chumbani mwako. Bonyeza kitufe cha kufuatilia chaneli kwa dakika chache kabla ya kazi, uhame ukikuta watu.

Dhana: VOX, yaani redio kujirusha yenyewe ikisikia sauti, huacha mikono huru.

Huacha pia silabi ya kwanza nje, na hujiwasha mlango ukilia. Izime.

Dhana: betri imefyonzwa na mzuka.

Kurusha hula umeme zaidi ya mara kumi kuliko kusikiliza, na betri za alkali hudhoofu kwenye baridi. Ziweke mfukoni zipate joto; zikifufuka, jibu unalo. Kwenye majengo yasiyo na joto tumia AA za lithiamu.

Dhana: redio yoyote inayofika masafa ya FRS inaruhusiwa.

Marekani, FRS haihitaji leseni, lakini antena iwe isiyobanduka na nguvu isizidi wati 2, na chaneli 8 hadi 14 ni wati 0.5 tu. Baofeng UV-5R, redio ya mkononi inayopendwa na wengi, haijaidhinishwa kwa FRS, hata ikifika masafa yake. GMRS, huduma jirani ya FRS inayoruhusu nguvu zaidi, ina leseni ya dola 35 ya miaka 10 isiyo na mtihani, ila inafunika familia moja. Kundi la marafiki, kila mmoja na yake. Na ukisafiri kwenda Edinburgh kwenye vyumba vya chini ya daraja la South Bridge, FRS iache nyumbani, kwa kuwa masafa hayo Uingereza ni ya watumiaji wengine. Huko nunua PMR446, redio za mkononi za raia za Ulaya: wati 0.5, chaneli 16, bila leseni.