Ugonjwa sugu wa sainasi: ubora wa maisha ya mgonjwa unapimwaje?

Sainasi ni nini, na ugonjwa wake huitwa sugu wakati gani?

Sainasi ni matundu yenye hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso, kandokando ya pua na macho. Ugonjwa huitwa sugu pale dalili zinapodumu kwa wiki 12 au zaidi: pua kuziba au kutoa kamasi ni lazima iwemo, na huambatana na maumivu au uzito wa uso, ama kupungua kwa uwezo wa kunusa. Vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi humtoa karibu kila mtu kamasi, lakini mafua yanayokwisha baada ya siku chache siyo tunayoyazungumzia hapa.

Daktari ameshanipiga picha ya CT skani. Kwa nini aniulize tena habari za usingizi na huzuni?

Kwa sababu picha na maisha ya mgonjwa mara nyingi haviendi sambamba. Picha hiyo hupewa alama kuanzia 0 hadi 24 kwa utaratibu wa Lund-Mackay, kulingana na jinsi matundu yalivyojaa. Hata hivyo, watu wawili wenye alama sawa wanaweza kuishi maisha tofauti kabisa, mmoja akienda shambani kila alfajiri na mwingine akishindwa hata kumaliza kusoma barua.

Ipo sababu nyingine, ambayo ni yetu wenyewe. Adabu ya salamu za Kiswahili inamtaka mtu ajibu "nzuri" kwanza, hata kama hajapata usingizi kwa siku tatu. Mama aliyesafiri kutoka Mpwapwa akiulizwa anaendeleaje, atasema hajambo. Akiulizwa hasa kuhusu kunusa, ndipo atakapoeleza kwamba juzi mboga iliungua huku yeye amekaa hatua tatu kutoka jikoni, akashtuliwa na mjukuu, na kwamba siku hizi hapiki wageni wakija kwa sababu anaona aibu. Kwa maoni yangu, hilo pekee linatosha kuhalalisha dodoso, yaani karatasi ya maswali ambayo mgonjwa hujibu kwa kuipa kila dalili alama.

Dodoso lenyewe likoje?

Linalotumika sana duniani ni SNOT-22. Lina vipengele 22, na kila kimoja hupewa alama kuanzia 0, yaani hakuna tatizo, hadi 5, yaani tatizo limefikia ukomo wa ubaya, kwa kuangalia wiki mbili zilizopita. Jumla ya juu kabisa ni 110. Baadhi ya vipengele ni vya pua yenyewe, kama vile kuziba, kupiga chafya na kamasi kushukia kooni. Vingine vinahusu masikio na uso. Vingine usingizi, uchovu na kushindwa kukaza akili kwenye kazi. Na vingine hasira za haraka, huzuni na aibu.

Nimetoka 58 nikafika 52 baada ya miezi mitatu ya dawa ya kupuliza puani. Nimepona?

Bado. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa mgonjwa huanza kuhisi tofauti ya kweli pale jumla inaposhuka kwa takribani alama 9, hivyo alama 6 zinaweza kuwa ni siku njema tu. Ungeshuka hadi 31, tungezungumza lugha nyingine. Utafiti mwingine uliwapima watu wasio na ugonjwa huu, na alama yao ya kati ilikuwa 7, kwa hiyo usihangaike kutafuta sifuri.

Usiitazame jumla peke yake. Mtu anaweza kushuka alama 20 kwa sababu sasa analala vizuri, ilhali kipengele cha kunusa kimebaki 5 vilevile, na kama anaishi kwa kupika, hicho ndicho kilichomleta hospitali. Angalia pia majira: aliyejaza mara ya kwanza mwezi Agosti, upepo ukivuma na vumbi, kisha akajaza tena Februari mvua ikinyesha, amwambie daktari hivyo, ili dawa isipewe sifa ambayo huenda ni ya mvua.

Bibi yangu hasomi. Nimjazie mimi?

Msomee, usimjibie. Soma swali kama lilivyoandikwa, subiri, kisha andika namba aliyoitaja yeye, hata kama wewe unaona anapunguza makali. Ikibidi kulieleza swali kwa Kigogo au Kirangi, lielezwe vilevile kila mara, maana neno moja likibadilika, namba za miezi miwili haziwezi tena kulinganishwa. Maswali ya aibu na huzuni ni afadhali yasomwe na mhudumu, mkwe akiwa nje ya chumba.

Je, alama ndogo ina maana naweza kusubiri tarehe ya kliniki?

Kwa kawaida ndiyo, isipokuwa jicho likivimba, ukianza kuona vitu viwili viwili, au ukipata homa na maumivu makali ya kichwa pamoja na shingo kukakamaa. Hapo weka dodoso pembeni, uende hospitali siku hiyohiyo.