Geuza Jani Kabla ya Kupulizia Vidukari

Siku za mvua au umande mzito, geuza jani la sukuma wiki lenye vidukari ulitazame kwa makini. Katikati ya walio hai utaona wengine wamegeuka rangi ya hudhurungi au chungwa iliyofifia, wamenata kwenye jani, ukiwagusa hawajongei. Hao wameuawa na kuvu iliyopo shambani kiasili.

Mojawapo ya kuvu hizo ni Pandora neoaphidis. Kidukari hahitaji kuila ndipo augue. Vimbegu vyake, vidogo mno kuonekana kwa macho, humwangukia mgongoni, huota na kutoboa ngozi, kisha kuvu humla kwa ndani. Baada ya siku chache hufa. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, hasa usiku, mzoga hurusha vimbegu vipya kwa majirani. Vidukari huishi wamesongamana, na majike huzaa bila hata kupandwa na dume, kwa hiyo ugonjwa ukishaingia huweza kufagia kundi zima.

Usichanganye mizoga hii na vidukari waliovimba wakawa duara na kukauka kama karatasi. Hao wana buu la nyigu mdogo ndani. Naye ni rafiki, mwache.

Tatizo liko kwenye bomba la dawa. Mvua inayostawisha kuvu hii ndiyo inayoleta madoa ya majani, na mkulima hukimbilia mankozebu, dawa ya kuua ukungu, yaani kuvu za magonjwa ya mimea. Dawa ya ukungu haichagui: inaweza kuidhuru pia kuvu inayokulindia mboga. Sisemi uiache kabisa, maana nyanya za masika bila kinga ya bakajani ni hasara tupu. Lakini kupulizia sukuma wiki isiyo na ugonjwa, eti kwa kuwa bomba limebaki na dawa, ni kujiharibia. Ukikuta mizoga mingi, subiri siku mbili tatu, kisha kagua tena.

Kiangazi usiitegemee, bila unyevunyevu haisambai. Kwenye kitalu pia usisubiri, kwani miche michanga hudhoofika haraka na vidukari hueneza virusi. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wamechunguza kuvu nyingine, Metarhizium, ambayo huzalishwa na kupuliziwa kama dawa. Pandora ni ngumu kuizalisha kwa wingi, ndiyo maana huikuti dukani.

Kuhusu walaji, Pandora haiambukizi watu. Osha tu majani vizuri kabla ya kupika.