Kurudufu maumbo kwenye programu za usanifu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Chukua flenji, yaani bamba la duara la mwisho wa bomba linalofungwa kwa bolti, ya DN100 (ukubwa wa bomba), daraja PN16 (kiwango cha shinikizo), kwa kiwango cha Ulaya EN 1092-1. Ina matundu 8 ya milimita 18, yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 180. Mchoraji huchora tundu moja, na zana ya ruwaza, inayorudia umbo kwa mpangilio, humalizia mengine. Ni kazi ya sekunde chache, lakini imezungukwa na imani zinazoharibu michoro mizuri.

“Ruwaza ni kunakili na kubandika, ila kwa haraka.”

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Nakala iliyobandikwa haina tena uhusiano na asili yake. Ruwaza huhifadhi kanuni: umbo mama (lile la kwanza linalorudiwa), mhimili, idadi na pembe. Flenji hiyo ikigeuzwa kuwa DN50, unaandika matundu 4 na duara la milimita 125, yote yanajipanga upya. Wazo lenyewe ni la zamani. Sketchpad, programu ya kuchorea ya Ivan Sutherland ya mwaka 1963 kutoka chuo cha MIT, Marekani, tayari ilikuwa na mchoro mkuu ambao ukiubadilisha, nakala zake zote hubadilika. Nadhani dhana hii imedumu kwa sababu wengi walijifunzia AutoCAD, programu ya usanifu, ya kabla ya toleo la 2012, ambamo ruwaza ikishapangwa, kwa kawaida kila kipande kilibaki kivyake.

“Nikiandika 8 napata nakala 8 juu ya ile ya kwanza.”

Hapana. Programu za usanifu za SolidWorks, Fusion na FreeCAD zote huhesabu umbo mama ndani ya idadi hiyo.

“Gawanya urefu kwa idadi ya matundu.”

Matundu 5 kwenye urefu wa milimita 100, kutoka kitovu cha la kwanza hadi cha la mwisho, yana nafasi 4 katikati yake, kwa hiyo kila nafasi ni milimita 25, si 20. Duara kamili ni tofauti, kwa kuwa baada ya tundu la mwisho unarudi kwenye la kwanza: nyuzi 360 kwa 8 ni 45. Kabla ya kuandika namba, tazama pia programu inauliza nini, umbali wa tundu hadi tundu au umbali wote. Ukiandika 25 mahali pa umbali wote, matundu matano yatabanana kila milimita 6.25.

“Tundu la kwanza likae popote, mradi mengine yafuate.”

Ruwaza haisahihishi kitu, hurudia ulichokipa. Kwa desturi ya kazi za mabomba, matundu ya flenji hukaa pande mbili za mstari wa katikati, si juu yake. Kwa matundu 8, la kwanza linaanzia nyuzi 22.5 kutoka mstari huo. Ukilianzisha kwenye sifuri, nafasi zote zitakuwa sawa, kipenyo kitakuwa sawa, na bado vali iliyofungwa kwa flenji hiyo itasimama imepinda. Kosa hili linaniumiza kwa sababu kwenye skrini halionekani kabisa.

“Kuakisi, yaani kugeuza umbo kama kwenye kioo, na kurudufu ni mamoja.”

Kwa tundu la duara, ni kweli. Kwa thredi (mizunguko ya skrubu) iliyochongwa kamili kwenye modeli, sivyo: ukiiakisi, inayozunguka kulia inakuwa ya kushoto, na nati ya kawaida haiingii.

“Kurudufu ndani ya skechi, yaani mchoro bapa wa awali, ni kwepesi zaidi.”

Mara nyingi ni kinyume chake. Kila duara kwenye skechi huongeza vipimo na masharti ambayo programu lazima iyatatue kila unapogusa kitu. Chora tundu moja, likate, kisha rudufu tundu lenyewe. Faida yake inaonekana wakati wa kuunganisha vipande: kwenye SolidWorks unaweka bolti moja, unaiagiza ifuate ruwaza ya flenji, na matundu yakitoka 8 kuwa 4, bolti nazo hubaki 4.