“Tovuti imezeeka, bomoa tuanze upya”, na mengine ninayoambiwa na wateja

Mteja mwenye tovuti tayari akinipigia simu, maneno ya kwanza huwa yaleyale: “Hii imepitwa na wakati. Bomoa yote, tuanze upya.” Namuuliza ni kurasa zipi zinazomletea wateja. Hajui. Namuuliza nani ofisini mwenye nywila ya Search Console, chombo cha Google kinachoonyesha watu wanaifikiaje tovuti yako kwa utafutaji. Hilo ndilo halijui kabisa, ingawa mara nyingi ipo, iliunganishwa na fundi wa kwanza kwa barua pepe ya mfanyakazi aliyeshaacha kazi zamani. Kwa hiyo anataka kubomoa kitu ambacho hajawahi kukipima hata siku moja.

Tovuti nyingi ninazoletewa hazihitaji kubomolewa. Zinahitaji picha zipunguzwe uzito, maneno yaandikwe upya, menyu yenye vitu kumi na tano ibaki na sita, namba ya simu iwe ya kubonyezeka, na zile kurasa tatu nne zenye biashara zipangwe vizuri. Kazi hiyo inafanyika kidogokidogo huku tovuti ikiwa hewani, na kila badiliko unaona limesaidia au limeharibu. Tatizo lake ni kwamba haina uzinduzi wala keki, kwa hiyo mabosi hawaipendi.

Chukua kampuni ndogo ya utalii ya Moshi au Arusha iliyodumu miaka kumi. Ina ukurasa wa njia ya Machame: siku sita au saba, gharama, vya kubeba, bahashishi za wapagazi. Sura yake ni mbaya, maandishi ya chungwa juu ya kijani. Lakini watu waliopanda mlima wameutaja kwenye maandishi yao na kuweka kiungo, na Google inaujua tangu zamani. Mtu aliyeko Ujerumani akitafuta, anatua hapohapo. Ukurasa wa mwanzo hauoni kabisa. Sasa anakuja dizaina mpya, ananunua templeti, ananakili nusu ya maneno kwa sababu “watu hawasomi”, na anwani iliyoishia na machame-route.html inageuka kuwa kitu kingine. Ile ya zamani inajibu 404, yaani ukurasa haupo. Ni sawa na kuhamisha duka la Kariakoo usiku bila kubandika hata karatasi mlangoni. Baada ya miezi miwili maombi ya bei yamepungua, na mwenye kampuni analaumu msimu.

Tim Berners-Lee, aliyebuni Wavuti wenyewe, aliwaonya watu tangu 1998 wasibadilishe anwani za kurasa ovyo. Zaidi ya robo karne imepita na bado naletewa majeneza.

Wala usidhani hili ni la wadogo tu. Marks & Spencer ya Uingereza, kampuni ya maduka ya nguo na chakula, ilizindua tovuti mpya Februari 2014, mradi uliogharimu takriban paundi milioni 150. Wateja wa zamani walitakiwa kujisajili upya. Katika robo mwaka iliyoishia Juni, mauzo ya mtandaoni yalishuka kwa asilimia 8.1, na kampuni yenyewe ikakubali kwamba tovuti hiyo mpya ilikuwa bado haijazoeleka. Watu walikuwa wameshajua kitufe kiko wapi. Ukikihamisha, hata kama umekipeleka mahali pazuri zaidi, umewapa kazi ya kujifunza ambayo hawakuiomba. Wewe mwenye bajeti ya milioni mbili za shilingi unategemea nini?

Ukishikilia kubomoa, sawa, lakini kwangu kuna mambo hayana mjadala. Kwanza tunaorodhesha anwani zote zilizopo. Programu ya Screaming Frog inafanya hivyo bure hadi anwani 500, na tovuti nyingi za hapa kwetu hazifiki huko. Pili, tunafungua Search Console, ambayo inatunza takwimu za utafutaji za miezi 16 nyuma, tuone ukurasa upi unabofywa na kwa maneno gani. Kisha tunachora jedwali: anwani ya zamani kushoto, mpya kulia, kila mstari na elekezo lake la 301, lile la kudumu linalompeleka mgeni anwani mpya moja kwa moja. Usielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo kama wanavyofanya wavivu. Google inaona ujanja huo na inazihesabu kurasa hizo kama zilizokufa. Nao wanashauri maelekezo yabaki angalau mwaka mmoja. Mimi nasema yabaki milele, hayali chochote. Bora zaidi, acha anwani ilivyo. Unaweza kubadilisha sura yote ya ukurasa bila kugusa hata herufi moja ya anwani yake, jambo ambalo wateja wengi wanashangaa kulisikia.

Na kabla ya kusherehekea, kama tovuti yako imejengwa kwa WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, ingia kwenye mipangilio yake, upande wa Kusoma, uangalie ile tiki inayoiomba mitambo ya utafutaji isiiorodheshe tovuti. Dizaina huiweka wakati wa kutengeneza, na inafaa iwepo wakati huo. Nimeletewa tovuti mpya, nzuri kweli kweli, mwenyewe akilalamika kwamba Google “imemfungia”. Alikuwa amejifungia mwenyewe kwa tiki moja.

“Kwangu inafunguka haraka.” Bila shaka. Uko kwenye Wi-Fi ya ofisi, na kivinjari chako kimeshahifadhi kila picha tangu wiki iliyopita. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwenye kioo kiwe kimefika ndani ya sekunde 2.5, na hilo liwe kweli kwa angalau robo tatu ya ziara, siyo kwa laptop ya mkurugenzi. Tangu Machi 2024 wanapima pia muda kati ya kubonyeza na ukurasa kuitikia, ambao usizidi milisekunde 200. Ushauri wangu hauna kompyuta ndani yake: azima Tecno ya bei ya chini, zima Wi-Fi, weka bando la kawaida, fungua dirisha la faragha, uingie kwenye tovuti yako umesimama kituo cha daladala. Halafu tuongee.

Mara nyingi mchawi ni picha. Mtu anachukua picha ya tembo kutoka kwenye kamera, pikseli 6000 kwa upana, megabaiti nane, anaipakia kwenye nafasi ya ukubwa wa kadi ya benki. Ikiwa picha ni ya kujaza kioo, pikseli 1600 zinatosha kwa kazi nyingi, katika WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Zile ndogo zikatwe ziwe ndogo kweli. Kuna wanaodhani plagini ya kasi, programu ndogo ya nyongeza, itamaliza shida. Wengine wanazo tatu, zinagombana zenyewe kwa zenyewe.

“Tuweke slaidi zinazojiendesha, zinaleta uhai.” Zinaleta amani kati ya idara, hicho ndicho ninachokiona. Masoko wapate slaidi yao, rasilimali watu yao, mkurugenzi na picha yake akikata utepe. Mwaka 2013 Erik Runyon wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alichapisha takwimu za ukurasa wa mwanzo wa chuo chake: takriban asilimia 1 tu ya waliofika walibofya slaidi, na katika hao, asilimia 84 walibofya ile ya kwanza. Utepe wa mkurugenzi haukatwi mbele ya mtu yeyote. Chagua jambo moja, liweke juu, litulie.

“Watu hawashuki chini, kila kitu kiwe juu.” Watu wanaotumia simu wanashuka chini kutwa nzima. Wanaacha kushuka pale juu pasipokuwa na cha kuwashawishi, na ukipajaza kila kitu ndivyo unavyowafukuza. Ile sheria kwamba mtu apate anachotaka kwa kubofya mara tatu tu nayo ni ya kubuni. Mtu habanwi na idadi, anabanwa na kutojua anaelekea wapi.

“Kijivu hafifu ni cha kisasa.” Viwango vya WCAG, vya kufanya tovuti isomeke na kila mtu, vinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Dizaina wako ana miaka ishirini na mitatu na kioo cha gharama. Mzazi anayetafuta ada ya shule juani, saa saba mchana, hana.

“Bosi ameipenda.” Bosi hanunui. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu watano tu kunafichua sehemu kubwa ya kasoro, kwa hiyo usiniambie huna bajeti ya utafiti. Tafuta watu watano wasiofanya kazi kwako, mpe kila mmoja simu, mwambie “tafuta bei ya chumba cha watu wawili Desemba,” kisha funga mdomo. Hapo pa kufunga mdomo ndipo wateja wangu wote wanaposhindwa. Anaanza kuelekeza kwa kidole, “bonyeza hapo juu, hapo.” Utakuwepo na kidole chako kwa kila mgeni?

Na kuhusu kujaza lile sanduku la maneno muhimu yaliyofichwa kwenye kichwa cha ukurasa ili upande juu Google: Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo. Kama kazi hiyo imo kwenye ankara uliyoletewa, ukate huo mstari kabla ya kulipa.