Chungu cha Sabato si kimoja
Wengi hudhani mapishi ya Kiyahudi ni yale tu ya Ulaya Mashariki yaliyohamia New York: mikate yenye tundu, samaki wa kusaga, basi. Sivyo. Claudia Roden, mwandishi wa vitabu vya mapishi aliyezaliwa Cairo mwaka 1936 katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Aleppo, Syria, alikulia meza nyingine kabisa. Kitabu chake kuhusu vyakula vya Kiyahudi, kilichotoka 1996, kilimchukua takriban miaka 16.

Tazama chungu cha Sabato. Kuwasha moto siku hiyo ni mwiko, hivyo chakula hutiwa jikoni Ijumaa kabla ya magharibi, kikaiva polepole usiku kucha. Poland ni shayiri, maharage na nyama; Moroko ni ngano na mayai mazima; Baghdad ni kuku aliyeshindiliwa mchele (ukoko wake hugombewa!).