Delhi hadi Tokyo: umbali wa ramani na saa za angani

Kutoka uwanja wa Indira Gandhi, Delhi, hadi Haneda, Tokyo, umbali mfupi kabisa ni kilomita 5,860 hivi. Namba ni sahihi, ila ndege za abiria kwa kawaida haziifuati.

Vuta uzi kwenye tufe la dunia kati ya miji hiyo miwili. Utavuka Himalaya na kukata Tibet, na hapo ndipo penye tatizo. Hewa ya kabini ikivuja, rubani anatakiwa ateremke upesi hadi futi 10,000, yaani kama mita 3,000, ambako watu hupumua bila msaada. Tibet ardhi yenyewe ina wastani wa zaidi ya mita 4,000, kwa hiyo hapateremkiki. Barakoa za oksijeni zinazodondoka juu ya viti, nyingi zimetengenezwa kutosha dakika 12 hadi 20 tu, na uwanda ule hauvukwi kwa muda huo. Zipo njia chache zinazopita huko, lakini hudai oksijeni ya ziada na mpango wa dharura uliopangwa kipande kwa kipande.

Basi ndege huzungukia kusini. Mimi hukadiria kwa vipande vitatu: Delhi–Kolkata 1,310, Kolkata–Kunming (kusini mwa China) 1,500, Kunming–Haneda 3,700. Jumla ni kilomita 6,500 na kidogo. Si lazima ndege ipite juu ya miji hiyo, ila hesabu inakaribia.

Sasa upepo. Juu ya China na Japani huvuma upepo mkali kutoka magharibi, na wakati wa baridi juu ya Japani huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Chukua mwendo wa ndege kuwa 900 kwa saa na upepo wa wastani wa 100 njia nzima. Kwenda Tokyo unapata 1,000, sawa na saa 6 na nusu. Kurudi, upepo ni wa mbisho, unabaki na 800, saa 8 na dakika kama 10. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kisha muda wa ndege kutembea ardhini uwanjani, maana ratiba huhesabu tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa tena. Ndiyo sababu utaona saa 7 na nusu hivi kwenda, na 9 au zaidi kurudi.

Tiketi huandika saa za mahali. Tokyo iko mbele ya Delhi kwa saa 3 na nusu mwaka mzima, kwa kuwa India na Japani hazisogezi saa. Mfano: kuondoka 20:00 (saa mbili usiku), kufika 07:00 (saa moja asubuhi). Inaonekana saa 11. Toa 3 na nusu, zinabaki 7 na nusu. Kurudi unajumlisha: 11:30 hadi 17:00 ni saa 5 na nusu kwenye karatasi, lakini ni 9 kitini. Wengi huisahau ile nusu.

Kama una ndege ya kuunganisha, jihadhari na ukungu wa Delhi Desemba na Januari. Huwa mzito usiku wa manane hadi asubuhi, kwa hiyo chagua ya mchana au jioni. Angalia pia kama tiketi inasema Narita, uwanja mwingine wa Tokyo: uko zaidi ya kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, na treni ya haraka huchukua karibu saa nzima.