Siku Zilizorudi

Bibi mmoja wa upande wa Pangani aliketi mbele yangu, kanga ya pili ameikunja mara nne na kuikalia. Nikamwamkia, akaitikia, nikaanza maswali yangu. Je, anatokwa na damu isiyo ya kawaida? "La, mwanangu." Maumivu? Kiuno tu. Nilikuwa mgeni Tanga, mtu wa bara, basi nikaandika kwenye faili: hakuna damu.

Alipoinuka kwenda kitandani nikaiona kanga ile. Damu ilikuwapo, tena ya miezi saba. Ila kwake haikuwa "isiyo ya kawaida". Siku zake zilikuwa zimerudi, basi. Mashoga zake walishamtania kuwa amerudi usichanani. Ana miaka sitini na kitu, na ameacha kuswali miezi yote hiyo akingoja damu ikatike.

Hedhi ikishakoma mwaka mzima kwa ajili ya umri, hairudi. Tone likionekana baada ya hapo lina chanzo kingine. Mara nyingi si saratani. Huenda ni ukavu wa uke au kinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini lazima tutazame.

Kwake ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi. Hii karibu kila mara huletwa na kirusi cha HPV. Harald zur Hausen, aliyeonyesha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008. Aina mbili za kirusi, 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Na kirusi hakina haraka. Tangu kiingie hadi saratani itokee, mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20. Mwenye VVU asiyetumia dawa huweza kuchukua 5 hadi 10. Katika muda wote huo kuna jambo la kufanya, na la bei nafuu: tunapaka asidi ya asetiki, ambayo ndiyo ukali wa siki, tunasubiri dakika moja hivi, na mahali palipoanza kuharibika panageuka weupe wa tui lililokaukia kwenye kijiko. Tunapachoma kwa kifaa cha moto, na mama anarudi nyumbani siku hiyohiyo. (Kwa aliyekoma hedhi siki haitoshi, maana eneo tunalolitafuta hujivuta ndani. Huyo ni bora apimwe kirusi chenyewe.)

Bibi yule alikuwa amepita huko kote. Uvimbe ulishabana mirija ya mkojo na figo zimevimba. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa saratani hii uitwao INTERLACE: wanawake 500 wa nchi tano, nusu yao wakipewa wiki sita za dawa za saratani kabla ya mionzi. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 80, dhidi ya 72 ya wenzao. Nilifurahi, kisha nikasoma ni akina nani walioingizwa. Wengi wao walikuwa hatua ya pili ya saratani, naye alishaipita. Na sisiplatini, dawa inayokwenda sambamba na mionzi, huumiza figo. Mwenye figo kama za bibi yule hapewi hivihivi. Yeye alihitaji kwanza kufunguliwa njia ya mkojo, kisha safari ya kilomita kama 350 hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Utafiti ulikuwa mzuri. Haukuwa wake.

Utafiti wa wajukuu zake ulifanyika Mwanza. Huko wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walilinganishwa kwa dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya HPV, na hata waliochomwa dozi moja walitengeneza kinga ya kutosha. Tanzania sasa inatoa dozi moja. Kwa mzazi wa kijijini, dozi moja ni nauli moja.

Nikabaki na swali la damu. Aliyenifungua macho ni bi mwalimu wa madrasa ya akina mama. Nilipomsimulia akasikitika, akanambia wanawake hao huja kwake kabla ya kuja kwangu, kwa sababu wanataka kujua kama waswali, kama wafunge. Fikihi, elimu ya sheria za dini, ina jina lake: damu isiyo hedhi wala nifasi, yaani damu ya uzazi, ni istihadha, na mwenye nayo anaswali. "Nami huwajibu hilo la swala," akasema, "halafu nawaacha waende."

Siku hizi bibi akiketi simuulizi habari ya damu isiyo ya kawaida. Namuuliza mara ya mwisho kufunga kitambaa ilikuwa lini, na kama ni Mwislamu, kama kuna siku za karibuni ambazo hakuswali. Majibu huja, pengine kwa kunong'ona, macho kwenye pindo la kanga.

Juzi bi mwalimu alinipigia. Ana mwanamke mmoja aliyekuja kumuuliza habari ya swala. Yuko naye kwenye bajaji, wanakuja.